Dobi Hafui Mayai

Nilikuwa nimeshika kichwa cha mteja, mistari ya mbele imekwisha, nimeanza ya kisogoni, mwenyewe akaniuliza bila hata kugeuka: "Eti ni kweli wifi yako anafua mayai?"

"Anafua nini?"

"Mayai. Mtaa mzima wanasema. Anachukua mayai ya kahawia ya mke wa kaka yako, anayatia dawa ya madoa, yanatoka meupe, halafu anasema ni ya kuku wake."

Jamani! Nilivuta ule msuko mpaka mteja akapiga kelele. Nikamwomba radhi, nikammaliza kichwa, maana mtu humwachi njiani na nusu kichwa. Mimi ni msusi, umbea ndio hewa ninayovuta kutwa. Nimeshasikia ya bwana aliyeoa pacha akachanganya nani ni nani. Nimeshasikia ya maiti aliyepiga chafya. Ila mwanadamu kufua yai lilikuwa jipya, na lilikuwa linasemwa juu ya mwanamke ambaye hachukui hata njiti ya kibiriti ya mwenzake bila kupiga hodi.

Huyo wifi ni mjane wa mdogo wangu. Mtaani wanamwita Dobi kwa sababu ya kazi yake, na sisi nyumbani tukazoea kumwita hivyohivyo. Anafua na kupiga pasi nguo za watu: makoti ya wauguzi, sare za shule, mashati ya wanaume wanaotaka kuonekana wana vyeo. Anafanya kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoijenga baba yetu, chumba chenye dirisha la barabarani. Mteja hata haingii ndani. Anasimama nje, Dobi anampitishia nguo dirishani, imekunjwa kola ikitazama juu. Humohumo ndimo anamolala na binti yake, kitanda upande huu, meza ya pasi upande ule, katikati nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Anapopiga pasi husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameupumzisha juu ya mwenzake, na huongea kama mtu anayelipia kila neno. Ukimsimulia jambo refu atakujibu "Haya," na humo ndani ya hiyo haya ujitafutie mwenyewe kama amefurahi au amechukia.

Najua mtasema, tangu lini wifi akamtetea wifi? Sisi mawifi tuna sifa zetu, sikatai. Huyu alipokuja bibi harusi nilimkagua kama wengine wote wanavyokagua. Alishuka na sanduku moja na tenga la kuku weupe waliotolewa na mama yake. Watu walicheka: mwenzetu kaleta kuku, kwani huku aliambiwa kuna njaa? Yeye akasema tu, "Wanataga vizuri." Basi.

Kuku wa kwetu walikuwa wekundu, rangi ya udongo, hata zile ndewe zao chini ya masikio nyekundu, na mayai yao ya kahawia iliyoiva. Kuku wake walikuwa weupe kuanzia manyoya hadi ndewe, na mayai yao meupe pe. Marehemu mama yetu aliona ugomvi unakuja kabla haujaja. Siku ileile aliweka sheria mbele ya sote: "Watalala banda moja na watakula pumba moja. Yai la kahawia ni la nyumba kubwa, yai jeupe ni la mkwe wangu mdogo. Nisisikie tena neno kuku." Nyumba nyingine watu wanachapana kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Kwetu mpaka ulikuwa rangi ya ganda, na kwa miaka mingi hakuna aliyeuvuka.

Shida ni kwamba jogoo hasomi sheria za mtu. Tulikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, mkorofi, asiyechagua kuku wa nyumba kubwa wala wa mkwe. Na mama, kuku yeyote aliyeanza kuatamia alimwekea mayai yaliyopo, ya rangi zote. Vifaranga wakakua mchanganyiko: mwekundu mwenye ndewe nyeupe, mweupe mwenye ndewe nyekundu, wengine madoadoa hata huwezi kuwaeleza. Nani ni wa nani? Jibu la mama lilikuwa moja: ngojeni atage. Basi mtetea akianza kuzunguka banda na kuchungulia pembe za nyumba, watu wazima tulikuwa tunaacha kazi. Yai lake la kwanza likitoka, dogo kama limechongwa, mama alilibeba mpaka kwenye kamba ya nguo za Dobi, analishika mbele ya shuka nyeupe, anatoa hukumu. Kahawia, nyumba kubwa. Jeupe, Dobi. Na likiwa la katikati, rangi ya chai iliyozidiwa maziwa, mama alikuwa anasema, "Hili ni letu sote," analikaanga palepale na kila mtu anaonja kipande kisichotosha hata jino. Tulicheka sana siku hizo.

Kisha mdogo wangu akafa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaanguka kutoka kwenye paa la ghala walilokuwa wanaliezeka. Mama hakukaa sana, naye akamfuata. Nyumba ikabaki mikononi mwa kaka yetu mkubwa, dereva wa lori la mchanga, na mikononi mwa mkewe. Huyo tunamwita Mama Funguo. Stoo ana ufunguo, geti ana ufunguo, banda ana ufunguo, hata choo cha uani alikitia kufuli, ukibanwa mpaka ukamtafute. Na jambo la kwanza alilolifanya baada ya msiba ni kusema kuwa mayai ya katikati ni yake. "Chenye rangi ni changu," alisema. Dobi akajibu, "Haya."

Mimi niliposikia nilitaka kwenda kuzusha. Dobi akanizuia: "Wifi, ni mayai tu." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo alivyojiona, hata baada ya kuzaa na kuzika ndani ya nyumba ile.

Sasa, mwaka huu kiwanja cha jirani kimeanza kujengwa. Nyundo kutwa nzima, mabati yanaburutwa, mashine inanguruma. Kuku hapendi fujo, na kuku wa kwetu walikuwa wameshazeeka. Mtu yeyote aliyefuga kuku wekundu anajua kuwa rangi huwapungukia. Akianza kutaga yai linakuwa limekolea, akichoka linafifia, akishtushwa ndiyo kabisa. Mayai ya kahawia bandani yakawa yanapungua, meupe-meupe yanaongezeka. Tena kuku walilikimbia banda. Kuku anataka mahali penye giza kidogo, pakavu, pa kujizungushia na kuparura kabla hajakaa, na nyumba nzima mahali hapo palikuwa pamoja tu: kapu la nguo za Dobi ambazo hazijapigwa pasi. Alipotaga mmoja mle, wenzake wote wakataka palepale. Walikuwa wanapanga foleni mlangoni kama wagonjwa. Dobi akawa kila akikuta yai la kahawia ndani ya makoti ya wauguzi, analichukua na kumpelekea Mama Funguo jikoni, mkononi. Hilo Mama Funguo amelisahau. Ana funguo zote ila ya kumbukumbu hana.

Siku ya tukio, Mama Funguo alimwona kuku wake mwekundu anatoka chumba cha Dobi anatetea, ko-ko-ko, ile kelele ya kuku aliyetoka kutaga. Akaingia bila hodi. Kapuni kuna yai, bado la moto, na ni jeupe. Mezani kuna chupa ya dawa ya madoa. Hapo hesabu yake ikakamilika: kuku wangu anataga kahawia, yai hili ni jeupe, na mwenye chumba ni dobi. Basi kalifua! Yaani lile yai limetoka tumboni, limefuliwa, limesuuzwa, limekaushwa, na limerudishwa kapuni likiwa na joto lake, kabla kuku hajamaliza kutetea. Hebu niambieni, huyo dobi mwenye kasi hiyo mbona bado ni maskini?

Lakini kaka alimwamini mkewe. Alirudi kutoka kazini amechoka, akamezeshwa maneno, akaenda kusimama getini, kando ya lile dirisha wateja wanaposubiri nguo zao, akapaza sauti: "Katika nyumba ya baba yangu silei mwizi! Wiki hii isiishe hajarudi kwao!"

Kwao wapi? Mama yake alishakufa, na nyumba ya kwao iliuzwa siku nyingi. Binti yake yuko shule ya jirani, wateja wake wote wanalijua dirisha lile. Ukimtoa mle umemtoa duniani, na kaka yangu anajua vizuri kama ninavyojua mimi.

Nilifunga saluni, nikaenda na chanuo bado limo nyweleni mwangu. Nilimkuta Dobi anapiga pasi, mguu mmoja juu ya mwingine, na binti yake amekaa kitandani anakunja soksi. Kitanda kilikuwa kimeshatandikuliwa. Shuka ziko ndani ya sanduku lilelile la harusi.

"Wifi, karibu. Umekuja na nini?" akaniuliza.

"Nimekuja na mdomo wangu."

"Haya."

"Usiniambie haya! Umewaambia nini?"

"Nimewaambia sikuiba."

"Halafu?"

"Halafu shemeji akasema mwizi hasemi nimeiba." Akageuza shati upande wa pili. "Shangazi yake, mimi maneno sina. Nina nguo za watu za kumaliza kabla sijaondoka."

Binti hakuinua uso. Akasema tu, "Shuleni wananiita mtoto wa mfua mayai." Hapo mimi damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Watu wazima mnagombania mayai, mnamtupia mtoto!

Nikapita uani. Mama Funguo yuko na mtoto wake wa kwanza, kijana aliyemaliza kujifunza ukinyozi, wameshika kamba wanapima. Wanapima nini? Wanapima kioo. Kioo kikubwa cha kinyozi kimeegemezwa ukutani, kipya, karatasi yake bado haijabanduliwa. Wanabishana kama kitapita mlango wa chumba cha mbele. Nikakitazama kile kioo, nikaelewa yote. Dirisha la barabarani! Chumba cha Dobi kiwe kibanda cha kinyozi! Yai lilikuwa sababu tu, kioo kilishanunuliwa.

"Wifi," nikamwambia, "kioo hiki kimenunuliwa kabla ya wizi au baada?"

"Usiniletee maneno yako ya saluni," akasema. "Mayai yangu yamefuliwa, mbona huulizi hilo?"

"Nauliza sasa hivi. Na tutaulizana mbele ya watu."

Nilimpigia simu Baba Mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yetu, mlinzi mstaafu, mtu mkavu asiyependa hadithi. Nilimwambia kuna mtoto wa marehemu anatolewa nje kwa ajili ya yai. Akasema, "Kesho asubuhi. Asifungue mtu banda kabla sijafika."

Asubuhi tukakaa uani sote: Baba Mdogo kwenye kiti, kaka kwenye kiti, sisi wanawake tumesimama. Baba Mdogo akamuuliza Mama Funguo, "Kuku anayetaga kahawia, asiyebishaniwa, ni yupi?"

"Huyu," Mama Funguo akamtoa yule mwekundu mwenyewe, mnene, ndewe nyekundu. "Huyu maisha yake yote ni kahawia. Akitaga jeupe na mimi nitataga."

Mungu wangu, maneno mengine mtu asiyaseme mbele ya msusi!

Kuku akafunikwa tenga katikati ya uwanja. Tukakaa kumtazama. Kuku naye akatutazama. Hivi wewe ungeweza? Watu wazima wote hao macho kwako? Alizunguka, akasimama, akalia, akazunguka tena. Jua likapanda. Kaka akaanza kuangalia simu, lori lake linamsubiri. Dobi akasema, kwa mara ya kwanza siku ile, "Anataka giza." Akainua shuka kutoka kwenye kamba.

"Shuka yako ina dawa!" Mama Funguo akaruka. "Isiguse kuku wangu!"

Nikavua mtandio wangu. "Huu una jasho langu tu. Nusa." Akanusa! Wallahi alinusa, akaukung'uta, akachungulia na chini ya tenga kama kuna yai limefichwa, ndipo akaridhika. Tukafunika. Kuku akanyamaza. Tukamsikia anaparura, anajizungusha, halafu kimya kirefu. Yule kijana kinyozi akasema labda amelala, Baba Mdogo akamwambia afunge mdomo. Mara tukasikia ko-ko-ko!

Baba Mdogo aliinuka mwenyewe. Akainua tenga, akainama, akalichukua yai likiwa bado lina unyevu, akalizungusha kwenye mwanga. Lilikuwa jeupe. Si jeupe la shuka, lilikuwa rangi ya meno ya mnywa chai, lakini kahawia haikuwepo hata ya kuombea.

"Haya, wifi," nikasema, "tunakusubiri na wewe. Mtandio upo."

Kijana wake akacheka kabla hajakumbuka ni mama yake. Mama Funguo akasema kuku anaumwa. Akasema kuku amelishwa kitu. Akasema hata mama mkwe angekuwepo angeshangaa. Mfa maji haachi kutapatapa. Baba Mdogo akaliweka yai kwenye mkono wa kaka, na kaka akabaki amelishika, hajui aliweke wapi.

Mwisho akakohoa. "Basi," akasema, "yameisha. Shemeji, tumekusamehe. Rudisha vitu vyako ndani."

Mmesikia? Tumekusamehe! Mtu umemtukana getini, umemtoa shuka kitandani, mtoto wake anazomewa shuleni, halafu unamsamehe! Nilifungua kinywa, na nawaambia kilichokuwa kinatoka kingewafikia mafundi wa jirani juu ya ngazi zao. Lakini Dobi alinigusa mkono.

"Mnanisamehe nini, shemeji?" akauliza.

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe akatazama kioo.

"Nimeuliza."

"Hakuna," kaka akasema, amejishusha. "Hukuchukua kitu. Nilikosea. Kaa, shemeji. Mimi nikiwa hai hakuna atakayekugusa ndani ya chumba kile."

Mimi nilishaanza kupumua. Ningekuwa mimi ningesema asante, na yule niliyemjua miaka yote angesema haya. Hakusema haya. Alimvuta binti yake akamsimamisha mbele yake, mikono juu ya mabega ya mtoto, akamtazama kaka usoni.

"Na ukifa?"

Kaka yangu ni mtu wa lori, ana kifua, ana sauti, na niliona neno lile linamwingia kama baridi. Maana marehemu naye aliwahi kusema hivyohivyo, "Mimi nikiwa hai." Alikuwa kijana, mzima wa afya, asubuhi ile kanywa chai kaenda kazini.

"Mume wangu aliniambia nisihofu chumba," Dobi akasema. "Mama akaniambia nisihofu. Sasa unaniambia wewe. Mimi nachoka kukaa kwa pumzi ya mtu, shemeji. Leo ni yai. Kesho itakuwa nini?"

Baba Mdogo akaegemea kiti chake. "Swali umelisikia," akamwambia kaka. "Mdogo wako alikuwa mtoto wa nyumba hii au hakuwa?"

"Alikuwa."

"Alikuwa na fungu au hakuwa nalo?"

Mama Funguo akasema, "Lakini kijana wangu ameshanunua..." na kaka, kwa mara ya kwanza tangu amuoe, akamwinulia kiganja anyamaze. Akasimama. Akamtazama yule mtoto, na mtoto ana paji la uso la marehemu, hilo hata adui hawezi kulikana.

"Chumba cha mbele ni chako, wewe," akamwambia. "Ni fungu la baba yako. Si la kuazimwa. Nikiwepo ni chako, nisipokuwepo ni chako. Mama yako anakaa kwako, si kwangu."

Aliyasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma dua. Baba Mdogo akaitikia kwa kichwa, akataka kuinuka. Na nje, dirishani, wateja walishaanza kufika, muuguzi mmoja na mama wawili wenye sare za watoto, walewale waliomsikia kaka akimwita mwenzetu mwizi.

Nikamshika kaka mkono nikampeleka mpaka getini. Nikamwambia arudie, na safari hii kwa sauti aliyoitumia siku ile.